Kutoka Bendi Hadi Shoo ya Peke Yako: Mwongozo Kamili kwa Mpiga Gitaa Anayeimba

Mwongozo huu ni wa mwanamuziki aliyekulia kwenye bendi ya dansi. Anapiga gitaa la rithimu au la solo, anaitikia, ana nyimbo mbili tatu anazoongoza mwenyewe, na sasa anataka kukaa peke yake mbele ya wateja wa hoteli, mgahawa au harusi ndogo na kuubeba usiku mzima. Nimepiga kwa namna zote mbili hapa Dar es Salaam, na kabla ya lolote nakuomba ushike jambo moja: usijaribu kuirudisha bendi kwa mashine. Wengi wakitoka kwenye bendi hukimbilia kununua kinanda chenye biti au kujaza pleibeki (muziki uliokwisha kurekodiwa) kwenye simu, kwa sababu nafasi tupu iliyoachwa na ngoma na besi inawatisha. Kazi yenyewe ni kuupanga wimbo upya mpaka gitaa moja na koo moja vitoshe.

Kwetu mtu akitoka bendi, mara nyingi anakwenda bendi nyingine au anaunda ya kwake. Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Muhidin Gurumo alitoka Juwata akaingia Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, baadaye akaenda Safari Sound. Kwa hiyo ukitafuta walimu wa kupiga peke yako, watafute nje ya historia ya dansi. Wapo waliotangulia: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na ukimsikiliza bila kumwona unaweza kuapa kwamba wapo wawili. George Mukabi wa magharibi mwa Kenya alipiga omutibo, mtindo wa gitaa kavu (lisilo la umeme) ambao mapigo yake yalitoka kwenye chupa ya soda iliyogongwa kandoni. Wasikilize hao wiki nzima kabla hujatoa hata shilingi kununua kifaa.

Hatua ya kwanza: usiondoke kwanza

Bendi nyingi hufanya kazi mwisho wa wiki. Migahawa na hoteli zinazotaka mtu mmoja na gitaa lake hutaka zaidi siku za katikati ya wiki, au mchana wa Jumapili. Ratiba hizo mbili zinaweza kuishi pamoja kwa muda mrefu, na fedha ya bendi ndiyo itakayokulisha wakati jina lako bado halijulikani.

Nenda kwa kiongozi wa bendi umwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Mfuate mapema, siku ya mazoezi. Usimsubiri jukwaani wala usimtumie ujumbe. Mwambie: "Mzee, naomba ruhusa yako. Jumatano nataka kujaribu kupiga peke yangu. Kazi ya bendi haitaguswa." Kisha malizeni mambo matatu papo hapo. La kwanza ni tarehe: bendi ikipata kazi ya ghafla Jumatano, nani anatangulia? La pili ni vyombo, kwa maana katika bendi zetu gitaa unalopiga huenda ni mali ya mwenye bendi, na hutakiwi kutoka nalo. La tatu ni nyimbo. Wimbo uliotungwa mazoezini na watu watano, hata kama maneno ni yako, ujadiliwe wazi. Kuuimba mgahawani kwa kawaida hakuna atakayekukataza, ila kuurekodi kwa jina lako pekee huleta ugomvi unaodumu miaka.

Na muombe jambo moja zaidi, ambalo viongozi wengi hulikubali kwa sababu haliwagharimu kitu: dakika ishirini kabla bendi haijapanda, watu wanapoanza kuingia ukumbini. Mitambo ipo, fundi mitambo yupo, na anayekusikiliza ni mtu aliyekuja kwa dansi. Hakuna chuo kizuri zaidi ya hapo.

Hatua ya pili: chagua nyimbo

Shoo ya kawaida ya mgahawa ni seti tatu za dakika arobaini na tano, na mapumziko mafupi katikati. Wimbo mmoja ukichukua dakika nne na maneno machache ya kuunganisha, seti moja inameza nyimbo tisa au kumi. Unahitaji kama thelathini, na tano za akiba. Usisubiri zote zikamilike. Anza na kumi zilizoiva, upige seti moja tu mahali fulani, na uongeze mbili kila wiki.

Namna ya kuzichuja: kaa bila gitaa, gonga mguu, imba wimbo mwanzo hadi mwisho. Kama unasimama wenyewe, utasimama na gitaa. Kama unachokikumbuka ni tarumbeta na mchezo wa magitaa mawili, uache kwenye bendi. Nyimbo za dansi zenye kisa ndani yake, za ndoa, za msiba, za kijana aliyepotelea mjini, huwa nzuri sana ukizipiga peke yako, maana kwa mara ya kwanza maneno yanasikika yote. Ukumbini mashairi yale yalikuwa yanamezwa na tumba.

Changanya. Zilipendwa ziwe nguzo, uongeze rumba, taarabu moja mbili za polepole, bongo fleva chache ambazo vijana wanazijua ukizigeuza ziwe za gitaa, na za kwako. Za kwako zisizidi mbili kwa seti mwanzoni, na uziweke katikati ya zinazojulikana. Wageni wa kigeni kwenye hoteli za pwani nao wana nyimbo zao mbili tatu za Kiswahili wanazoziomba kila mara. Jifunze hata kama umezichoka, kwa sababu kwa yule anayeomba huenda ndiyo mara yake ya kwanza kuzisikia mbele ya macho yake.

Hatua ya tatu: panga wimbo upya

Hapa ndipo utakapotumia muda wako mwingi, na ndipo ninapoona wapigaji wazuri wa bendi wakikwama. Mpiga rithimu hodari wa dansi amezoea kugusa nyuzi tatu nyembamba tu, kwa sababu chini yake kuna besi. Mpiga solo hajawahi kushika kodi nzima (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa dakika nne mfululizo. Wote wawili wana mkono wa kulia uliozoea kazi nusu.

Anza na gumba. Chukua kodi tatu zinazobeba sehemu kubwa ya dansi: C, F na G. Kwenye C, gumba lipige uzi wa tano freti ya tatu, kisha uzi wa nne freti ya pili, lirudi, bila kukoma. Kwenye F, uzi wa sita freti ya kwanza, kisha uzi wa nne freti ya tatu. Kwenye G, uzi wa sita freti ya tatu, kisha uzi wa nne mtupu. Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika na upige gumba peke yake, mapigo manne kwa kila kodi, mpaka mwili uuzoee mwendo. Kipimo ni hiki: mtu akiingia chumbani akakusalimu, umjibu na kumuuliza habari za nyumbani bila gumba kuyumba. Ukifika hapo ndipo uongeze kidole cha shahada kwenye nyuzi tatu nyembamba, kikiingia katikati ya mapigo ya gumba. Baadaye panda polepole hadi 100 na zaidi. Usiimbe mapema. Ukianza kuimba kabla gumba halijajitegemea, gumba litafuata maneno, na besi yako itakuwa inakatika kila unapovuta pumzi.

Kisha ufunguo. Dansi letu huimbwa juu, na kwenye bendi mlikuwa watatu au wanne mnapokezana. Peke yako, ufunguo uleule utakumaliza kabla ya seti ya pili. Shusha nusu toni mbili hadi nne. Kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja, husaidia sana: wimbo uliokuwa G kwenye bendi ukiushusha hadi E, weka kapo freti ya nne na upige mikao ya C, F na G uliyokwisha kuizoea. Sauti ya gitaa inabaki nyembamba na tamu, na gumba halihitaji kujifunza upya. Andika ufunguo na freti ya kapo kando ya jina la kila wimbo kwenye orodha yako. Kwenye mwanga hafifu, baada ya nyimbo ishirini, kumbukumbu haiaminiki.

Urefu nao ubadilike. Wimbo wa dansi una sehemu ya polepole yenye mashairi, halafu chemko, yaani sehemu ya haraka ya kuchezesha watu, na ukumbini unaweza kufika dakika nane au kumi kwa sababu watu wanacheza. Mtu aliyekaa mbele ya sahani ya samaki hachezi. Imba beti zote, maana ndizo mali yako, kisha chemko iwe dakika moja au moja na nusu.

Na chemko yenyewe je, bila ngoma, bila besi, bila mtu wa kurap? Usijaribu kupiga mambo yote ya solo. Chagua mchezo mmoja mfupi unaorudia, kwenye uzi wa kwanza hadi wa tatu, huku gumba likishika besi chini. Anza ukiwa umeziba nyuzi kwa ubavu wa kiganja karibu na daraja la gitaa, sauti iwe kavu na ndogo. Baada ya mizunguko minne, inua kiganja. Nyuzi zikifunguka hivyo, wasikilizaji wanaona kama kuna mtu ameingia, ilhali hujaongeza kitu. Halafu imba kiitikio juu yake na uwaachie wateja nusu ya mstari waimalizie. Ukitaka mapigo zaidi, funga njuga kwenye kifundo cha mguu unaogonga. Njuga hazihitaji umeme, watu wanazijua, na zinalingana na gitaa kuliko biti yoyote ya kinanda.

Nafasi za tarumbeta: chukua mstari mmoja tu, ule ambao mtu angeupiga mluzi akitembea, na uupige mwanzoni mwa wimbo. Ukitosha kumfanya msikilizaji autambue wimbo, kazi yake imekwisha.

Hatua ya nne: sauti

Kuongoza nyimbo thelathini ni kazi tofauti kabisa na kuitikia. Fanya mazoezi ya seti nzima ukiwa umekaa kama utakavyokaa, bila kusimama, angalau mara mbili kwa wiki. Pasha koo joto kabla ya kuanza, kunywa maji ya kawaida badala ya baridi, na nyimbo nzito za juu uziweke seti ya pili, koo likiwa limefunguka na bado halijachoka. Na usishindane kwa sauti na kelele za ukumbi. Hiyo ni kazi ya spika.

Hatua ya tano: vifaa

Usinunue vingi. Kwa mgahawa wa watu hamsini hivi, kinachotosha ni gitaa kavu lenye pikapu (kinasa sauti cha kuliunganisha na spika), kipaza sauti kimoja kizuri cha kuimbia (Shure SM58 inajulikana kila mahali na inavumilia mikiki), na spika moja yenye amplifaya ndani, ya inchi kumi au kumi na mbili, yenye matundu mawili ya kuingizia ili usihitaji miksa. Ongeza stendi ya spika, stendi ya kipaza sauti, nyaya za akiba, seti mbili za nyuzi, betri ya pikapu, tochi ndogo, utepe wa gundi wa kubandika waya sakafuni ili mhudumu mwenye trei asijikwae, na waya mrefu wa umeme wenye kinga. Soketi moja mbovu inaweza kuunguza spika mpya usiku wa kwanza.

Namna ya kuweka: spika iwe mbele yako kidogo na pembeni, kwenye urefu wa vichwa vya waliokaa, isielekee mdomo wa kipaza sauti. Ikipiga mluzi, usikimbilie kushusha sauti yote. Kwanza sogea nyuma ya spika, kisha punguza besi ya gitaa, kwani tumbo la gitaa kavu ndilo hupokea mtetemo na kuurudisha. Kwenye sauti yako, kata masafa yaliyo chini ya 80 hadi 100 Hz. Hakuna chochote cha maana cha kuimba huko, kuna ngurumo za sakafu tu.

Umeme ukikatika, usinyamaze. Inuka, usogee kwenye meza za katikati, uendelee na wimbo uleule bila spika mpaka jenereta iwake. Usiku kama huo watu huukumbuka kuliko mwingine.

Kuhusu kifaa cha kurudiarudia, kile unachokikanyaga kikanasa mchezo wa gitaa na kuurudia huku ukipiga mwingine juu yake: ni kifaa kizuri, na kwa chemko kinaweza kufanya maajabu. Nakushauri ukiguse baada ya gumba lako kukomaa, maana ukinasa mzunguko uliokosea nusu pigo, utaubeba kosa hilo wimbo mzima mbele ya watu. Pleibeki ina mahali pake, hasa kwenye sherehe ambapo watu wanataka kucheza na mwenye sherehe amekubali hivyo tangu mwanzo. Kwenye mgahawa uliotangaza muziki wa moja kwa moja, mteja ametoka nyumbani kwake kuja kusikia mikono yako. Mpe mikono yako.

Hatua ya sita: usiku wenyewe

Fika dakika tisini kabla ya kuanza. Msalimie kila mtu kuanzia mlinzi. Wahudumu na mhudumu wa kaunta ndio watakaokwambia nani amekuja kwa siku ya kuzaliwa na meza gani inalalamika kelele.

Seti ya kwanza watu wanakula, kwa hiyo piga laini, bila maneno mengi. Seti ya pili ndiyo ya visa, ya nyimbo zako, ya kuongea nao. Ya tatu, waliobaki wanataka kuimba, waimbishe zilipendwa. Nyamaza kidogo kati ya nyimbo bila hofu. Kwenye bendi tulizoea kuunganisha wimbo na wimbo ili wachezaji wasirudi kwenye viti. Hapa pumziko fupi linampa msikilizaji nafasi ya kupiga makofi, na wewe nafasi ya kuweka kapo sawa.

Kuna usiku ambao hakuna atakayeonekana kukusikiliza. Chagua meza moja yenye mtu anayetikisa mguu, umpigie huyo. Mtu akija kutunza, pokea kwa kuinamisha kichwa na uendelee kupiga, ila weka chombo kidogo mbele yako ili asilazimike kukushika kichwani wala mfukoni. Na akija mlevi anayetaka kipaza sauti, mkaribishe aimbe kiitikio kimoja ukiwa umekishika wewe, mshukuru kwa jina, waombe watu wampigie makofi, naye atarudi kukaa akiwa na heshima yake.

Rekodi kila shoo kwa simu iliyowekwa meza ya mbali, na usiisikilize usiku huohuo. Isikilize kesho yake na kalamu mkononi, uandike mahali gumba lilipoyumba na wimbo ambao watu waliacha kuongea.

Hatua ya saba: fedha na karatasi

Usigawanye malipo ya bendi kwa idadi ya watu ukadhani hiyo ndiyo bei yako. Tuseme bendi ya watu kumi na wawili ililipwa 1,200,000, ukapata laki moja. Laki hiyo ilikuwa yako yote, kwa kuwa vyombo, gari na kutafuta kazi vilikuwa juu ya mwingine. Peke yako, usafiri wa kwenda na kurudi usiku na spika ukiwa 40,000, nyuzi na matengenezo 15,000, na akiba ya kubadilisha vifaa 25,000, tayari 80,000 zimeondoka kabla hujajilipa. Andika hesabu yako halisi ya mji wako, kisha uongeze thamani ya saa zako. Chini ya hapo, kataa kwa adabu.

Malipo ya moja kwa moja ni bora kuliko asilimia ya kiingilio, hasa mahali papya. Kwa harusi, pokea nusu kabla ya siku. Kila makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, yakitaja tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya seti, kiasi, lini kinalipwa, chakula, na nani analeta spika. Meneja mwema hatachukia, na asiye mwema utamjua hapohapo.

Jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, kama msanii, na kazi zako za kutunga uzipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Zanzibar mambo hayo yako BASSFU na COSOZA. Uwe na namba ya mlipakodi kutoka TRA, mamlaka ya mapato, maana hoteli kubwa haziwezi kukulipa bila karatasi, na ndizo zinazolipa vizuri. Ukipiga vibao vya wengine mgahawani, muulize meneja kama eneo lake lina leseni ya muziki. Anayewajibika kwa hiyo ni mwenye eneo, lakini ni vizuri ujue unafanya kazi wapi.

Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, mtumie meneja ujumbe mfupi: "Habari za leo, bosi. Asante kwa jana. Wageni wa meza ya dirishani waliomba nirudi na nyimbo za zamani zaidi. Nina nafasi Jumatano ya wiki ijayo na ile inayofuata. Nikuwekee ipi?" Mpe tarehe mbili achague. Akijibu, iandike kwenye daftari papo hapo, kisha mpigie kiongozi wako wa bendi kuhakikisha haigongani na ratiba yake.